Mgeni njoo, lakini pomboo apumzike lini?

Takwimu za watalii zikitoka Zanzibar, shangwe huwa ileile. Mwaka 2024 visiwa vilipokea wageni zaidi ya 736,000, kutoka takriban 638,000 mwaka uliotangulia. Upande wa fedha sina ugomvi na shangwe hiyo. Utalii unabeba zaidi ya robo ya pato la Zanzibar, na zipo nyumba nyingi Nungwi, Paje na Kizimkazi ambazo jiko haliwaki bila mgeni. Ugomvi wangu ni na kauli inayopachikwa juu ya takwimu hizo kila mara: kwamba kwa kuwa watu wengi zaidi wanakuja kuwaona pomboo, matumbawe na kima punju (kima wekundu wa Unguja), basi uhifadhi wetu umefaulu. Hesabu ya watazamaji inahesabu watazamaji tu. Hali ya anayetazamwa inatafutwa kwingine, na kwa bahati mbaya wachache ndio wanaoitafuta.

Hoja yangu ni kwamba kutazama wanyama, iwe msituni au mwambani, ni mavuno kama mavuno mengine. Mvuvi huchukua samaki. Mtazamaji huchukua muda wa mnyama, usingizi wake, nafasi yake ya kula, na mara nyingine afya yake. Kwenye uvuvi tulikwishakubali kuwa bahari ina kikomo, ndiyo maana kuna leseni, kuna nyavu zilizopigwa marufuku, na kuna vijiji vinavyofunga mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza akue. Kwenye utazamaji tunaishi kana kwamba kikomo hakipo, na kila aliyepata mkopo wa mashine ya boti anaingia kwenye msururu. Tukiendelea kuuita utalii huu kuwa ni uhifadhi bila kuuwekea masharti ya mavuno, tutakuwa tumebadilisha zana tu, si tabia.

Historia ya Kizimkazi, kijiji cha kusini mwa Unguja kando ya Ghuba ya Menai, husimuliwa nusu, kwa hiyo tuirudie. Hadi miaka ya 1990 pomboo wa Ghuba ya Menai waliwindwa, na nyama yao ikatumika kama chambo cha kuvulia papa. Mwanzoni mwa muongo huohuo wageni wakaanza kupelekwa kuwaona, na fedha ya kuwaonyesha ilipoipita thamani ya chambo, uwindaji ukafa wenyewe. Mwaka 1997 ghuba ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Hii ni hadithi ya kweli, na wanaoisimulia kwa fahari wana haki. Nusu inayoachwa ni hii: watafiti waliowahesabu pomboo hao mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria kuwa wale wenye pua kama chupa hawafiki 200, na wale wenye nundu hawafiki 70. Idadi hiyo ni ndogo kuliko wanafunzi wa shule moja ya msingi. Wageni hubadilika kila siku, pomboo ni walewale. Mama mwenye mtoto aliyekimbizwa na boti jana ndiye atakayekimbizwa leo, na kesho alfajiri atasikia tena mashine zikiwashwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu pomboo wa kusini mwa Unguja ulilinganisha mwenendo wao boti za watalii zikiwepo na zisipokuwepo. Zikiwepo, walipumzika kidogo, walikula kidogo na walichangamana kidogo, huku muda wa kusafiri ukipanda sana. Kwa lugha ya mtaani, walikuwa wanakimbia. Aliyewahi kupanda boti ya alfajiri Kizimkazi hahitaji mtafiti wa kumweleza haya. Pezi likionekana, simu zinapigwa, boti zinageuza vichwa upande mmoja, wageni wanaambiwa waruke, pomboo wanazama, na wote mnapanda tena kufukuzia pale watakapoibukia. Nilipokuwa kwenye msafara wa namna hiyo sikumwona nahodha mwovu hata mmoja. Kila mmoja alikuwa na wageni waliolipa ili waone, na yule anayebaki nyuma kwa adabu ndiye atakayelaumiwa wakirudi ufukweni. Miongozo ya kukaribia pomboo imeandikwa zamani: usiwakatie njia, usiwazunguke, mashine iende taratibu. Lakini mwongozo unaomwomba mtu mmoja awe mstaarabu katikati ya ushindani wa watu thelathini hauwezi kushinda. Hicho ndicho kilichowapata wavuvi kila pahala palipokuwa na samaki bila idadi ya vyombo.

Wapo wanaosema kutazama hakupunguzi kitu: pomboo alikuwepo kabla ya boti kufika, na boti ikiondoka yupo. Katika hoja zote za upande wa pili, hii ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika zaidi. Msitu wa Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, unaijibu vizuri. Watafiti wa Kijapani walianza kuwafuatilia sokwe mtu wa pale mwaka 1965, na kazi hiyo ilihitaji kuwazoesha wanyama hao watu, wasikimbie wanapofikiwa. Mnyama aliyezoeshwa ni faida kwa mtafiti na kwa mtalii, lakini ukaribu huohuo ndio mlango wa maradhi. Mwaka 2006 ugonjwa unaofanana na mafua uliingia kwenye kundi linalotembelewa, na sokwe kadhaa wakafa. Virusi vilivyopatikana vilikuwa vya jamii inayowaambukiza binadamu. Hakuna aliyebeba bunduki, hakuna aliyetega mtego. Leo mgeni wa Mahale huvaa barakoa, huingia na kikundi kidogo, na muda wake mbele ya sokwe hauzidi saa moja. Masharti hayo yasingekuwepo kama kutazama kungekuwa hakupunguzi kitu.

Mwambani ni vivyo hivyo, ila jeraha haliguni wala halipigi kelele. Tumbawe ni mnyama, au tuseme kundi la wanyama wadogo wanaojijengea mifupa ya chokaa. Matumbawe ya matawi yanaweza kurefuka kiasi cha sentimita 10 kwa mwaka. Yale makubwa ya duara, ambayo wageni hupenda kusimama juu yake ili warekebishe miwani, hukua kwa takriban sentimita moja. Teke moja la pezi la kuogelea linaweza kufuta kazi ya miaka kadhaa, na nanga iliyotupwa vibaya inafuta zaidi ya hapo. Mnemba, kisiwa kidogo kaskazini mashariki mwa Unguja, ina mwamba mmoja, na boti za Nungwi, Kendwa na Matemwe zote zinaelekea huko, kwa saa zilezile, kwa sababu maji na upepo ni vilevile kwa wote. Siku ya maji mafu, bahari ikiwa shwari, mtu anaweza kuuona msongamano huo akiwa ufukweni bila darubini.

Jozani pana somo tofauti kidogo. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, ndiyo hifadhi pekee ya taifa Zanzibar. Ina msitu unaokaa juu ya maji ya chini ya ardhi, wenye mitondoo mikubwa, ukizungukwa na msitu wa maweni na mikoko. Kima punju hawapatikani kwa asili nje ya Unguja na visiwa vidogo vilivyo karibu nayo. Hesabu iliyotolewa mwaka 2017 iliwakuta zaidi ya 5,800, idadi iliyopita kwa mbali makadirio ya awali, na wengi tu wanaishi nje ya mipaka ya hifadhi, kwenye mashamba na vichaka vya watu. Habari hiyo ilipokelewa kama ushindi, na kwa kiasi fulani ni ushindi. Lakini utafiti uleule ulionya kuwa watoto wanaofika utu uzima ni wachache. Wakati huohuo, karibu wageni wote wa Jozani hupelekwa kwa makundi machache yaliyozoea watu, karibu na lango na mashamba ya jirani. Yaani kima 5,800 wanatangazwa, na mzigo wa kutazamwa wanaubeba wachache.

Kinachonishangaza zaidi kuhusu Jozani ni kwamba hatari kubwa ya utalii kwa kima hao haitokani na macho ya mgeni. Inatokana na gari lake. Barabara ya kwenda Paje na Jambiani inapita kandokando ya msitu, na madereva wa hoteli wanakimbizana na saa za ndege. Kwa miaka mingi kima waligongwa hapo kiasi kwamba ilibidi yajengwe matuta, na vifo vikapungua. Matuta hayo, ambayo kila dereva anayalaani, huenda yamewaokoa kima punju wengi kuliko mabango yote ya elimu ya mazingira tuliyowahi kuchapisha. Ni hatua isiyo na picha ya kupendeza, haiingii kwenye kipeperushi, lakini inafanya kazi kwa sababu haimtegemei dereva kuwa mwema.

Sasa twende kwenye hoja zenye uzito. Ya kwanza ni fedha, na siipuuzi. Bila mgeni, mkulima wa Pete au Kitogani angekuwa na sababu gani ya kumvumilia kima anayekula majani machanga ya miembe yake na nazi changa? Kima punju walichukiwa, na hata jina lao kwa wenyeji linabeba tuhuma ya sumu. (Ajabu ya Mungu, ni wanyama wanaokula mkaa. Mtafiti mmoja wa Kimarekani alieleza miaka ya 1990 kuwa mkaa unawasaidia kustahimili kemikali zilizo kwenye majani ya miembe na mikungu. Wapishi wa mkaa hawakuhitaji kuelezwa, maana walikuwa wanaibiwa.) Sehemu ya viingilio vya Jozani ikaanza kwenda kwa wakulima wanaopata hasara na kwa vijiji vinavyozunguka hifadhi, na Pete wakapata njia yao ya mbao ndani ya mikoko. Mpango huo una kasoro na manung'uniko yake, lakini ndio uliomfanya mkulima aweke manati chini. Kwa hiyo wanaosema fedha ya utalii inalinda msitu wanasema kweli, mradi waongeze maneno mawili: ikimfikia anayeumia. Nahodha wa Kizimkazi analipwa kwa safari. Halipwi kwa pomboo kuendelea kuwepo miaka 20 ijayo, na mkataba wake na bahari unaishia pale mgeni anaposhuka.

Hoja ya pili ni ya joto la bahari, na huletwa na watu makini. Wanasema: mnagombana kuhusu nanga na mapezi ilhali bahari yenyewe inachemka. Mwaka 1998 El Niño ilipopandisha joto la Bahari ya Hindi, baadhi ya miamba ya Kenya na Tanzania ilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yake hai. Mwaka 2016 ikajirudia. Aprili 2024 wanasayansi walithibitisha kuwa dunia imo kwenye wimbi la nne la matumbawe kupauka, na kufikia mapema 2025 wimbi hilo lilikuwa limegusa asilimia 84 ya eneo la miamba duniani. Tumbawe hupauka maji yanapozidi joto lake la kawaida la kiangazi kwa takriban nyuzi moja kwa wiki kadhaa. Linaufukuza mwani unaoishi ndani yake na kulilisha, kisha linabaki na njaa. Kisichosemwa na wenye hoja hii ni kwamba kupauka si kufa. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi na tumbawe hupona, na hata mwamba uliokufa hupandwa upya na mabuu yanayoletwa na mkondo, mradi yapate pahali safi pa kujishikiza. Mwamba unaokanyagwa kila siku, ukatupiwa nanga na kuondolewa samaki wanaolisha mwani wa juu, hauna nafasi hiyo. Ukweli kwamba hatuwezi kuamua joto la bahari tukiwa Matemwe ni sababu ya kushika kwa nguvu zaidi yale tunayoweza kuyaamua tukiwa Matemwe.

Hoja ya tatu ndiyo inayonipa taabu. Ukiweka kikomo, wa kwanza kuumia ni kijana mwenye ngalawa ya mkopo, si mwenye hoteli. Hoteli kubwa ina boti zake, ina mwanasheria, ina namna ya kupata kibali. Papasi wa ufukweni anayetafuta wageni wawili kwa siku hana. Na pwani yetu ina kumbukumbu za hifadhi zilizoanza kwa kumwambia mvuvi aondoke na kuishia kwa mtu mwingine kuweka vitanda vya jua palepale. Bwindi, Uganda, msitu wa gorila wa milimani, ulipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1991, Watwa waliokuwa wakiishi humo walitolewa, na hadi leo wengi wao ni maskini kando ya mojawapo ya misitu inayoingiza fedha nyingi zaidi Afrika Mashariki. Anayetaka kuiga kikomo cha Bwindi bila kulitaja hilo anachagua kurasa za kusoma.

Hata hivyo kikomo chenyewe kimezaa matunda, na hatuwezi kukikataa kwa sababu kiligawanywa vibaya. Watu wanane kwa kundi la gorila, saa moja kwa siku, basi. Rwanda ilipandisha kibali hadi dola 1,500 mwaka 2017, Uganda ikafikisha dola 800 mwaka 2024, na vibali bado vinanunuliwa. Gorila wa milimani wamevuka 1,000, na mwaka 2018 waliondolewa kwenye daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Baharini mfano ninaoupenda ni Samadai, mwamba wa Misri kwenye Bahari ya Shamu ambao pomboo huingia kupumzika mchana. Boti zilikuwa zimejazana hadi serikali ikaufunga mwaka 2003. Ulipofunguliwa mwaka uliofuata, ndani ya hori lenyewe pomboo waliachiwa sehemu isiyoingiwa na mtu kabisa, wageni wakawekewa idadi ya 200 kwa siku na saa maalumu za kuingia. Waliozoea kufukuza wakajifunza kusubiri nje ya mstari, na pomboo mara nyingi huja wenyewe kuangalia.

Wala hatuhitaji kwenda Misri. Pemba, Kisiwa Panza, wavuvi walikubali kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu ili pweza wakue, na vijiji vingine vya Unguja na Pemba vikafuata, kama walivyotangulia wenzao wa kusini magharibi mwa Madagaska tangu 2004. Wavuvi hawa hawakusoma ikolojia chuoni. Walikubali kwa sababu pweza huongezeka uzito haraka, na siku ya kufungua mwamba faida inaonekana kwenye mizani mbele ya kila mtu. Hapo ndipo penye ugumu wa kikomo cha utazamaji: hakina mizani. Pomboo aliyelala vizuri mwezi mzima hawezi kupimwa gatini. Kwa hiyo anayeweka kikomo lazima alete kipimo pamoja nacho, la sivyo kijiji kitaona hasara tu. Hesabu ya pomboo kila msimu, picha za mapezi ili kila mmoja atambulike kwa alama zake, idadi ya watoto waliozaliwa, vyote vibandikwe kwenye ofisi ya sheha pamoja na mapato. Hiyo ndiyo takwimu ningependa isomwe kwa shangwe, hata kabla ya ile ya uwanja wa ndege.

Kuna watakaosema jibu tunalo tayari, ni Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Zanzibar. Kweli, Chumbe ni mfano wa kujivunia: hifadhi ya mwamba tangu 1994, inayoendeshwa na kampuni binafsi, nyumba saba tu za wageni, hakuna kuzamia kwa mitungi, walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi, na wanafunzi wetu wanapelekwa kujifunza. Msitu wake wa maweni umehifadhi paa nunga na kaa wakubwa wa nazi. Lakini tusisahau bahati ya Chumbe. Mwamba wake wa magharibi ulikuwa haujavuliwa sana hata kabla ya hifadhi, kwa kuwa uko kando ya njia ya meli na karibu na eneo la jeshi. Hakukuwa na kijiji kizima cha kuhamishiwa hasara. Mnemba na Kizimkazi hazina bahati hiyo, na kuuza kila mwamba kwa mwekezaji mmoja ili auwekee vyumba saba hakuwezi kuwa sera ya nchi. Bei peke yake nayo haitoshi. Ukipandisha kiingilio bila kuhesabu vyombo, unapata msongamano uleule wenye matajiri zaidi. Tena kuna mwanafunzi wa Mwera au Tanga ambaye ana haki ya kuliona tumbawe la nchi yake kabla hajazeeka. Bei ya juu iwe ya mgeni; kikomo kiwe cha chombo.

Ninachokiona kinawezekana ni leseni za utazamaji zenye idadi, zinazotolewa kwa shehia na kusimamiwa na kamati zake za wavuvi, si kwa mwenye fedha wa kwanza kufika mjini. Zamu za boti zipangwe na wenyeji, kama wanavyojua kupangana kwenye mambo mengine, ili kijana mwenye ngalawa apate siku zake bila kushindana kwa kasi ya mashine. Maboya ya kufungia boti yawe sharti la leseni, ili nanga isitupwe kabisa juu ya matumbawe. Saa za mchana ambazo pomboo hawaguswi ziwe sheria, si ombi. Nahodha akijua wenzake wote wamefungwa na saa ileile, hana sababu ya kumwogopa mgeni anayenung'unika. Siasa ya jambo hili haitakuwa nyepesi. Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi inapimwa kwa mapato, na hakuna kiongozi anayependa kutangaza kuwa mwaka huu boti zimepungua. Ila kiongozi huyohuyo hutangaza kufunga mwamba wa pweza bila aibu, tena kwa sherehe.

Mahali pa kuanzia, kwa maoni yangu, si Kizimkazi wala Mnemba, ni Mafia. Kuanzia Oktoba hadi karibu na Machi, papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, hukusanyika mbele ya Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa hicho, wakifuata vijidudu vya baharini, na wageni huenda kuogelea nao. Wengi ni madume wachanga, na tangu 2016 samaki huyu yuko kwenye orodha ya walio hatarini duniani. Watu walidhani msimu ukiisha potwe husafiri mbali. Vifaa vya sauti walivyofungwa vilionyesha, katika utafiti uliochapishwa 2015, kuwa wengi hubaki eneo hilohilo mwaka mzima, ila huenda kwenye kina na mbali kidogo na ufukwe ambako hatuwaoni. Nao, basi, ni walewale kila mwaka, kama pomboo wa Menai. Isitoshe, hifadhi ya bahari ya Mafia iliyoanzishwa 1995 iko zaidi upande wa kusini na mashariki, na maji ya Kilindoni wanakoonekana potwe yako nje ya mipaka yake. Wavuvi wa dagaa wanavua humohumo, na wao ndio wanaojua kwanza potwe yuko wapi, kwa kuwa anafuata chakula kilekile kinachofuatwa na samaki wao. Boti za watalii huko bado ni chache ukilinganisha na kaskazini mwa Unguja. Halmashauri ya wilaya, watu wa hifadhi ya bahari na vikundi vya wavuvi wa Kilindoni wanaweza kukaa kabla ya Oktoba na kuandika idadi ya vyombo, ya waogeleaji kwa kila potwe, na mgawo wa mvuvi anayeacha wavu wake pembeni. Kwa Mafia hiyo ni karatasi moja. Kwa Mnemba, ambako mashine zimeshanunuliwa na mikopo inadaiwa, itakuwa ni kupunguza, na anayepunguziwa atadai fidia, na atakuwa na haki.